Meneja Amesusa Chakula, Mama Mkwe Amehama, na Kosa ni Langu

Jumanne, tarehe 9 Juni. Asubuhi mawingu mazito, manyunyu hadi saa mbili, kisha jua la kubabaisha.

Mshauri mpendwa,

Nakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanicheka, kwa sababu jambo lenyewe linaanza na mtoto wa mbwa, na najua watu wakisikia mbwa huona hakuna jambo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, nimesoma hadi kidato cha nne, ni karani wa mizani katika ghala la mahindi, na tangu nikiwa shule nina daftari ninaloandika kila siku, tarehe, hali ya hewa, nani kaja, nani kaondoka, na hakuna anayelisoma ila mimi. Kazini wananiita Mama Gunia, si kwa unene, bali kwa sababu kila anayeleta mzigo nampunguzia uzito wa gunia kabla sijaandika kilo zake, hata abembeleze vipi, na mzee mmoja aliwahi kuniambia, "Binti, gunia lenyewe jepesi kama unyoya," nikamjibu, "Mzee, hapa tunanunua mahindi, hatununui magunia."

Mwezi uliopita mume wangu, ambaye ni fundi wa friji, alileta mtoto wa mbwa kutoka kwa mteja wake, akampa jina la Meneja, kwa kuwa anazunguka nyumba nzima, anapiga kelele, na hakuna kazi anayofanya. Nami nikampangia utaratibu wa chakula, saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, nikaubandika kwenye mlango wa jiko, na wote wakakubali kuufuata isipokuwa mama mkwe, ambaye huu ni mwaka wa pili tunaishi naye. Yeye aliusoma na miwani yake, akasema, "Nimelea watoto saba bila karatasi, mbwa ndiye atanishinda?" Tangu siku hiyo akawa anamdondoshea Meneja vipande chini ya meza, na mimi nikawa naandika, tarehe na saa.

Sasa nakiri. Jumatano iliyopita, tarehe 3, nilinunua dawa ya minyoo dukani, ingawa daktari wa mifugo alishatuonya tusimpe mbwa dawa yoyote bila kumwuliza, maana niliona ni kupoteza nusu siku kwenda kuulizia jambo ambalo limeandikwa kwenye pakiti. Pakiti ilisema kidonge kimoja kwa kilo kumi, siku tatu mfululizo, basi nikambeba Meneja hadi ghalani nikampime kwenye mizani ninayoiamini, lakini kila nikimweka anashuka, nikimweka anashuka, mwisho nikamtia kwenye karai la chuma tunalozolea mahindi yaliyomwagika, akatulia, mizani ikasoma kilo saba, nikaandika, nikarudi nyumbani, nikakata kidonge kwa wembe, robo tatu kasoro kidogo, nikampa ndani ya tonge la wali Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, na kila siku nikaweka alama ya vema pembeni mwa ukurasa.

Ijumaa jioni Meneja hakugusa sahani. Jumamosi alitapika mara nne na kuharisha mara sita, saa zote ninazo nikihitajika kuzileta, akajikunja nyuma ya kochi macho nusu, hata ukitikisa sufuria hainui kichwa, na mume wangu, mtu ambaye hakutoa chozi alipobanwa kidole na friji, akalala naye sakafuni mchana kutwa.

Jumapili wifi yangu alikuja kututembelea, tumekaa mezani wote wanne, nikaleta daftari langu kwa mara ya kwanza mbele ya watu, nikasoma: "Tarehe 28, saa saba na dakika kumi, mama, ngozi ya kuku. Tarehe 1, saa moja usiku, mama, mkate wenye siagi. Tarehe 4, saa saba na robo, mama, mfupa." Kisha nikalifunga nikasema, "Aliyemtia huyu mbwa ugonjwa anajulikana, mimi simtaji mtu," na mshauri, nilikuwa nimeshamtaja mara tatu.

Wifi yangu akasema, "Haya, leo hukumu imetangulia chakula." Mama mkwe alifuta vidole kimoja kimoja, akaniambia, "Kumbe miaka miwili nakaa na polisi, nami nadhani nakaa na mkwe," akaingia chumbani, akatoka na mkoba wake na redio yake ndogo, wakaondoka yeye na wifi. Mume wangu hakunisemesha hadi Jumatatu asubuhi, na alichosema ni maneno matatu, "Twende kwa daktari."

Kwa daktari ndiko nilikozama. Aliuliza, "Amepewa dawa yoyote?" Nikakumbuka alivyotuonya, na mume wangu amekaa hapo pembeni, nikasema, "Hapana, daktari," kwa sauti ya mtu mkweli kabisa. Kisha akamweka Meneja juu ya mizani yake, ikasoma kilo mbili na nusu, nikamwambia, "Daktari, mizani yako mbovu. Huyu ni kilo saba."

Daktari akamtazama mbwa, akanitazama mimi. "Mama, huyu ni saizi ya kiatu. Kilo saba ataziweka wapi?"

Mume wangu akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa, na mimi hapo hapo nikaliona akilini lile karai. Sikutoa uzito wa karai, mshauri. Miaka kumi na mmoja natoa uzito wa magunia ya watu, halafu mtoto wa mbwa nimempima na chombo chake, nikampa dawa karibu mara tatu ya kipimo, siku tatu, na vema pembeni.

Lakini sikusema. Daktari akaamua kuwa pengine ni vyakula vya mezani, akaagiza Meneja anyweshwe maji ya sukari na chumvi kidogo kidogo, na kwa kuwa nilisema hajapewa dawa, akamkabidhi mume wangu kidonge cha minyoo ampe Jumamosi asubuhi, endapo minyoo nayo inachangia. Kidonge kipo kwenye kikombe juu ya friji na mume wangu amesema atampa mwenyewe. Leo Meneja amelamba maji mara tano, uji kijiko kimoja akautema. Jioni hii mume wangu amesema, "Mama alikosea, lakini wewe ulimvua nguo mbele ya wanawe," maana yake hata yeye anaamini kosa ni la mama yake, na mimi nikaendelea kukunja nguo.

Sasa naomba ushauri. Je, nikikichukua kile kidonge kimyakimya na mahali pake nikaweka kipande cha chaki kilichokatwa vizuri, nitakuwa nimelimaliza jambo bila kumsumbua mtu? Na mama mkwe je, naweza kumwomba arudi bila kuingia kwenye undani? Kazini wakijua, sina pa kuuweka uso. Jina langu tafadhali usilitoe. Namba yangu ya simu iko chini, na ya mume wangu endapo yangu imezima, ni kwa ofisi yako tu.

Karani wa Mizani

Nyongeza ya Jumatano asubuhi, kabla sijaenda posta: jana usingizi ulinichukua saa saba kasoro dakika kumi za usiku.

MSHAURI ANAJIBU

Bibie Karani,

Barua yako imenifikia Alhamisi saa nne asubuhi. Gazeti hili, kama unavyojua kwa kuwa unalinunua, hutoka Jumapili. Kidonge ni cha Jumamosi. Mtu anayeandika dakika za kutapika kwa mbwa hakupiga hesabu kwamba jibu langu lingefika siku moja baada ya mazishi. Kwa hiyo nimefanya nisilolifanya kwa msomaji mwingine, nimekupigia simu, na wenzako wanaosoma wana haki ya kujua tulivyozungumza.

Niliuliza, "Mbwa amekula?"

Ukajibu, "Nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha. Ukasema, "Mbona leo Alhamisi? Si huwa unajibu Jumapili?"

Nikaomba unipe mumeo. Yuko bafuni, ukasema. Nikasema nasubiri. Huwa anachelewa sana, ukasema. Nikasema, "Dada, sina mzigo wa kupima leo, nitakaa." Mlango ukafunguka, nikakusikia ukimwambia kwa sauti ya mbali, lakini si ya mbali vya kutosha, "Ni daktari, anasema kile kidonge tusimpe kwanza." Naye mumeo, mtu wa watu, akasema, "Mwambie asante," na simu ikakatwa.

Yaani katika dakika tatu umenipa shahada ya mifugo.

Nikakuandikia ujumbe pale pale, na nauchapisha kama ulivyo: "Uongo wako umeshazaa. Mimi si daktari. Daktari wa kweli anamtibu mtoto wa mbwa kwa ngozi ya kuku, na tumbo lake lina kitu kingine. Chukua pakiti ya dawa, chukua daftari, nenda sasa hivi, na huo ukurasa usimsimulie, mfungulie asome mwenyewe. Mumeo awepo. Usipokwenda, kesho saa mbili nampigia mumeo kwa jina langu."

Ijumaa jioni umenijibu, kwa ufupi wa kupendeza kuliko barua yako. Daktari amesoma, ameguna, amebadilisha tiba na kukichukua kidonge chake. Mumeo alikuwa kwenye kiti cha pembeni, akasikia neno kwa neno, na njia nzima ya kurudi alibeba mbwa asikubebee hata mkoba. Meneja amekula wali laini vijiko viwili saa moja na robo, na havijarudi. Mama mkwe, umeandika, "bado, natafuta wakati unaofaa."

Hapo ndipo nilipokasirika upya, kwa hiyo kaa vizuri.

Kukosea kipimo si ukatili. Mwenye haraka hukosea, mwenye shule hukosea, na mwenye kujiamini hukosea zaidi kwa kuwa haangalii mara ya pili. Kama ungeyasema Jumatatu, daktari angekucheka kidogo, mbwa angetibiwa ugonjwa wake, na mimi ningekuwa najibu barua ya mwanamke mwingine mwenye matatizo ya kawaida, mume mlevi au shamba la urithi. Lakini wewe ulipogundua kosa ulilifunika kwanza, ukamtazama mgonjwa baadaye. Ukafika kwenye chaki. Mstari huo niliusoma mara mbili. Umempa mtoto wa mbwa dawa asiyostahili, na suluhisho lako likawa kumlisha vifaa vya darasani.

Unaogopa kuchekwa kazini. Watakucheka, dada, tena vizuri. Yule mzee wa gunia akisikia ataomba kiti. Utapata jina jipya na utalizoea kama ulivyolizoea la kwanza. Aibu ni homa, hupanda, hushuka, na wengi wetu tumeugua na tupo. Usiilinganishe na siku nne ambazo mnyama asiye na mdomo wa kujitetea amelala nyuma ya kochi akingoja uwe na ujasiri.

Sasa mama mkwe. Simtetei kwa ngozi ya kuku na mfupa. Si chakula cha mtoto wa mbwa, na hilo mtalizungumza siku ambayo wewe huna deni la msamaha. Ila angalia ulivyomfanyia. Makosa yake uliyaandika kwa dakika, ukayasoma kwa sauti, mwanawe na bintiye wakiwepo. La kwako ukaliwekea vema. Na kwa siku nne mumeo aliamini mama yake mzazi ndiye aliyemwumiza mbwa wake, wewe ukikunja nguo. Hilo ndilo lililo zito kuliko kidonge.

Kwa hiyo wakati unaofaa haupo, acha kuutafuta. Nenda mwenyewe, usimtume mumeo, usipige simu, usibebe zawadi ya kukusaidia kuingia. Wifi yako awepo, kwa kuwa alikuwepo. Useme hivi: mama, si wewe, ni mimi, na nimejua tangu Jumatatu. Hiyo "tangu Jumatatu" usiiruke, najua utataka kuiruka. Usiseme "kama nilikukwaza", ulimkwaza. Usimwombe arudi siku hiyo hiyo, maana hapo utakuwa unaomba msamaha kwa mkono mmoja na kudai kwa mkono wa pili. Akikusema, pokea. Akinyamaza, kaa naye humo humo kwenye kimya mpaka akwambie uondoke.

Nawe usijidanganye kwamba unaweza kulala juu ya hili hadi wiki ijayo. Uliniomba nisitoe jina lako, na sikulitoa. Lakini leo ni Jumapili, gazeti lipo mitaani, na wifi yako anajua kusoma. Hebu niambie, katika mji wenu wote, ni nyumba ngapi zenye mtoto wa mbwa anayeitwa Meneja?

Vaa viatu.