Niliandika "Hakuna" Siku Tisa

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kabla ya msaada naomba siri: barua hii usiichapishe, usimsomee hata mwenzako wa meza ya pili, kwa sababu shangazi yangu ni msomaji wako, na gazeti akilipata huanza na ukurasa wako kabla miwani haijakaa sawa.

Mimi ni karani wa masjala, kazi yangu ni kupokea fomu na kuzirudisha zenye makosa, na shangazi ndiye aliyenilea, ni fundi cherehani wa sare za shule, ana saratani ya figo na tangu mwanzo wa mwaka anatundikiwa dripu ya kinga kila baada ya wiki tatu. Daktari alitueleza kwamba dawa hii inaamsha askari wa mwili waipige saratani, ila wakizidisha wanaweza kugeukia utumbo, mapafu, ini au tezi, ndiyo maana tukapewa kadi yenye namba ya simu na daftari la kuandika hali yake kila siku, na daftari nikakabidhiwa mimi, maana shangazi alisema, "Bwana Muhuri huyu hakosei tarehe."

Baada ya dripu ya tatu akaanza kuharisha, leo mara tatu, kesho nne, na nilipofungua daftari akanishika mkono wenye kalamu.

"Andika hakuna."

"Shangazi, si kweli hiyo."

"Kweli ni kwamba uvimbe umepungua. Ukiandika kuharisha watanikatia dawa. Unataka wanikatie? Andika, mwanangu."

Nikaandika, mshauri, mimi ninayemrudisha mzee wa watu nyumbani kwa kukosa tarehe, nikaandika "hakuna" siku tisa mfululizo, na siku ya sita nikamnunulia vidonge vya kufunga tumbo nikijidanganya kwamba ni maji tu yamemkataa. Siku ya kumi alikwenda msalani mara saba kabla sijatoka kwenda kazini, nilihesabu mlango, na mara ya mwisho akaona damu, akajaribu kutunga uzi kwenye sindano vidole vikagoma, akaniambia, "Nenda, utachelewa." Nikaenda, lakini saa nne nilijifungia chumba cha majalada, nikapiga namba ya kadi, nikamwambia muuguzi yote huku nalia, nikamwomba asinitaje. Akasema, "Mlete sasa hivi, usisubiri jioni." Nikamdanganya shangazi kwamba wagonjwa wote wameitwa kupimwa damu.

Walimlaza, wakampa maji na steroidi za kuwatuliza wale askari wa mwili, siku ya nne akaomba chakula, na wiki iliyopita amerudi nyumbani kwa miguu yake, na niliposikia cherehani inalia tena, dakika kumi tu, nilikaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu.

Lakini sasa anamsimulia kila mtu kwamba mashine ya kupima damu ndiyo iliyomgundua, "Ina macho ile!" Alhamisi daktari anataka daftari, naye shangazi amenunua jipya ili ninakili humo "hakuna" zangu zote kwa mwandiko safi zisitiliwe shaka, tena anataka kuacha vidonge vya steroidi alivyopewa kwa kuwa vimemjaza mashavu. Nikimwambia ni mimi niliyemsemea, si atanificha kila kitu siku nyingine? Nifanyeje?

Karani

*

Mwanangu karani,

Kwanza pumua. Shangazi yako anashona leo kwa sababu ulipiga ile simu. Umeshapumua? Haya, kaa nikugombeze.

Nimemuuliza daktari wa saratani ninayemwamini. Anasema vidonge vya kufunga tumbo bila kuuliza vinaweza kuficha dalili huku utumbo unaungua. Choo kikiongezeka mara nne kwa siku juu ya kawaida yake, unapiga simu siku hiyohiyo, na vilevile kwa mkojo wa rangi ya chai, macho ya manjano, kikohozi kipya, kichwa kuuma bila kuachia au uchovu wa ghafla unaomlaza. Damu kwenye choo, kifua kuuma, pumzi kukata au kuchanganyikiwa, mnakwenda hospitali bila kungoja. Madhara haya yanaweza kuja hata miezi baada ya dripu ya mwisho, na daktari yeyote atakayemgusa aambiwe kwamba alitundikiwa dawa ya kinga.

Mwambie shangazi kwamba kuficha ndiko kunakofunga mlango wa dawa anaoulinda. Madhara yakikamatwa mapema, wengine huendelea na dawa, na dawa ikisimamishwa si kushindwa. Vidonge vya steroidi vinapunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari. Kuviacha ghafla ni hatari. Mashavu yatapungua.

Daftari jipya lianze leo. La zamani lipeleke lilivyo: usifute, pitisha mstari mmoja juu ya kila "hakuna", andika ukweli pembeni, tia sahihi. Nani akufundishe wewe kusahihisha hati? Na kabla ya Alhamisi mwambie nani alipiga simu. Usizungukezunguke.

*

Mshauri, sasa unaweza kuchapisha, sote wawili tumekubali.

Nilimwambia Jumatano mchana. Hakutoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Nilijua," alisema. "Muuguzi alinipokea akisema, 'Pole mama, mara saba asubuhi moja!' Sijafungua mdomo bado. Mashine gani ya damu inahesabu mlango wa choo?"

"Sasa mbona unaisifu?"

"Nilikuwa nakungoja wewe, Bwana Muhuri. Umechelewa kuliko ofisi yenu."

Kisha akaja mezani, akalivuta daftari la zamani na kuniondoa kitini. Sahihi yake itangulie yangu kwenye kila sahihisho, alisema, kwa kuwa yeye ndiye aliyeniagiza. Alhamisi daktari alisoma kurasa zote tisa, akazipiga picha, akamshukuru. Dripu imesimama kwa sasa, uvimbe haujakua, na vidonge vinapungua kwa ratiba niliyoibandika juu ya cherehani.

Msomaji mwenye mgonjwa kama wetu na anayetaka kuzungumza, asinifuate ofisini. Ampe mshauri namba yake, nami nitampigia saa ya chakula kutoka chumba cha majalada. Akitaka shangazi, aje mchana, afuate mlio wa cherehani. Lakini akiwa na dalili hata moja, sisi tutasubiri. Apige kwanza namba iliyo kwenye kadi yake.