Jina la Mtu wa Dharura

Maili Moja, Kibaha
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa Dada Elinipa,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko milimani? Shemeji je, kikohozi kimemwachia? Mimi mwili ni mzima. Sukari ipo, naigombeza kama ninavyogombeza kila kitu.

Nilipobishana na mchungaji kwenye maziko ya mama, uliniambia ninyamaze. Nikaondoka, nikakunyamazia wewe miaka miwili. Nilikosea.

Mwaka wa nne sasa tangu mke wangu Margareth atutoke, na simu yake bado imefungwa. Ndani mna sauti yake na picha zote za shamba la Kurui. Nywila aliondoka nayo. Nilibahatisha mpaka simu ikagoma. Nikaapa kwamba maandishi yangu ya miaka ishirini, ambayo nayo yamefungwa kwa nywila, hayatazikwa hivyo.

Ndipo nikatafuta programu ya kutunza nywila, ile inayofungia zote mahali pamoja, wewe ukakumbuka moja tu. Ubabaishaji niliokutana nao! Moja haisemi imekaguliwa na nani. Nyingine inajisifu kwamba ukisahau nywila kuu, kampuni itakufungulia. Kama wanaweza kunifungulia mimi, watashindwaje kujifungulia wao? Nimezikataa zote mbili. Niliyoichagua hata walioitengeneza hawawezi kuifungua, na wakaguzi wa nje wameipekua. Nywila yangu kuu ni sentensi ndefu niliyoitunga mwenyewe.

Juzi nilikuwa kwa Dulla, fundi simu wa hapa, akiniwekea programu hiyo. Ikauliza jina la mtu wa dharura, atakayeruhusiwa kufungua nikifa. Dulla akanihimiza:

"Mzee, jina moja tu. Yule rafiki yako Mashauri?"

"Nilimwita mwoga gazetini."

"Jirani, basi."

"Nimemshtaki serikali ya mtaa kwa ajili ya spika zake."

"Duh! Mzee wewe ni noma. Basi niandike mimi."

Tukacheka. Nikiwa njiani kurudi nyumbani nikajikuta nalifikiria kwa dhati wazo la kumwandika fundi simu.

Nimeandika jina lako, Dada. Lakini jina peke yake halitoshi, lazima mwenyewe ukubali. Mwalimu Twalibu anayekuletea barua hii atakuonyesha pa kubonyeza. Ukikataa sitabishana nawe. Nafasi itabaki wazi tu, maana mwingine sina.

Nisalimie shemeji, mwanao Aneth na watoto wake. Mwambie Aneth nasoma kila anachokiandika mtandaoni, hata ninapokasirika. Mungu awafunike nyote.

Jambo la mwisho, ulishike. Siku utakapoomba kufungua, programu itaniuliza kwanza, na itanipa siku saba za kukataa. Nikikaa kimya zote saba, itakufungulia. Usihangaike kupiga simu kuuliza. Unanijua, Dada: nikipewa wiki nzima ya kukataa nisikatae, basi sipo.

Mdogo wako, anayekupenda hata anapokuwa mkaidi,
Abednego