Kwa Mama Mukwe, Juu ya Ile Bulangeti ya Milima

Mama,

Ile bulangeti ni mimi niliifuma. Peke yangu, toka munyororo wa kwanza mupaka ku ncha ya mwisho, na mu Butembo yote hakuna mwanamuke anayeweza kufuma milima imenyooka kama yangu. Nilisema vile ku Beni, mbele ya batoto yako bote, na sauti ya mutu mwenye hajawahi kudanganya.

Sawa. Ni uongo. Usinitazame vile, na kwanza haiko ruhusa unitazame. Nusu ya ile bulangeti ni ya mikono yako. Milima yenye imenyooka ni yako, ile yenye inayumba kama batu batoka ku pombe ya kasiksi ni yangu. Mais nilikuwa na sababu ya kudanganya, na nitakuelezea, juu uliondoka mbele ya kusikia namna baliitukana.

Unakumbuka siku ulifika kwetu? Ulikimbia vita kule upande wa Oicha, shamba ya kakao uliiacha na matunda yake juu ya miti, ukaja na sufuria, na Biblia, na ile sindano yako ya kroshe umeichoma ndani ya kitambaa cha kichwa. Nyumba yetu vyumba viwili. Na kwetu desturi ni desturi: mukwe hakai chumba kimoja na mama mukwe, hamupatii mukono, hamutazami uso, hamusemeshi. Mimi nasema ile desturi ilitungwa na batu benye viwanja vikubwa. Ukimuona mama mukwe anakuja, unapita nyuma ya migomba. Mimi migomba yangu iko miwili, na yote miembamba.

Basi Masika, mutoto wako na muke wangu, akatundika pazia. Wewe upande wa kitanda na dirisha, mimi upande wa mulango na hii goti yangu yenye chukudu, ile baskeli ya mbao ya kubeba mizigo, iliiharibu. Asubuhi yeye anaenda soko na maharagi yake, anatuacha: wazee wawili, pazia moja, na kuku. Kuku peke yake alikuwa anapita pande zote mbili, juu yeye hana bakwe.

Ni wewe ulianza. Usikatae. Ulisema, "Kuku, kama kule kuko mutu, mwambie koo imenikauka." Nilitaka kuanguka ku kiti. Nikaweka kopo ya maji chini ya pazia, nikasema, "Kuku, mwambie Mama maji ndiyo hii, na asiimwage." Toka siku ile tukawa tunaongea mupaka jioni, na desturi haikuguswa hata kidogo. Tulikuwa tunaongea na kuku.

Kiisha ukaomba nyuzi. Nilienda ku soko ya mutumba na fimbo yangu, nikachagua mapulovere yenye imepasuka viwiko: nyekundu ya mutoto wa masomo, manjano kali ya sijui mama gani wa korali ya kanisa, kijani, na ile ya bluu yenye ilikuwa na harufu ya mbuzi. Ulizifumua zote. Ulikuwa unanisukumia uzi chini ya pazia nizungushe ma-boule, mipira ya uzi. Saa ya jua kupita ku dirisha lako, mikono yako ilionekana yote juu ya pazia, mikubwa, kivuli kama ya sinema. Uso wako siukumbuki vizuri, Mama, sikuwahi kuuangalia. Mais ile mikono, hata leo naweza kuichora.

Nikachukua waya ya gurudumu ya baskeli, nikaikunja kichwa ku jiwe, nikaanza kufuata kivuli. Na juu ulikuwa umekaa kunielekea, mukono wako wenye sindano nilikuwa naona ku kushoto yangu. Basi nami nikashika ku kushoto. Hakuna mutu aliniambia. Siku nilikusukumia kazi yangu ya kwanza uipapase, ulisema, "Kuku, yule mutu anafuma na mukono wa kujipangusia."

Mwalimu wangu wa darasa ya tatu, kule nilipoachia masomo, alikuwa na fimbo. Wewe ulikuwa mubaya kumupita. "Kuku, mwambie munyororo haukazwe vile, hafungi mbuzi." "Kuku, ku kilele anaweka tatu mu tundu moja, ndiyo mulima unainuka. Anashuka pole pole. Ku bonde anaruka mbili. Kiisha anapanda tena." Panda, kilele, shuka, ruka. Ni ile tu, ulisema, hata mujinga anaweza, ndiyo sababu unanifundisha.

Mais mimi ku bonde nilikataa kuruka. Niliambia kuku: nimesukuma chukudu na mbao toka Lubero mupaka huku, mwambie Mama hakuna bonde hata moja lenye nililiruka. Nilipita ndani ya yote. Basi nikajaza kila tundu, kwa heshima ya kazi yangu. Na kazi ikapanuka, ikajikunja pembeni, ikawa kama shu, kabichi ya kweli ya Lubero, ilikosa tu kupikwa. Nikakusukumia. Ndiyo nikasikia kitanda kinatikisika. Nilifikiri unagonjwa. Kumbe unacheka. Toka ulifika sikuwahi kusikia ukicheka.

"Fumua," ukasema.

"Kuku, mwambie hapana."

"Kuku, mwambie afumue, ao nitafumua mimi na meno."

Nikafumua. Masika na desturi na pasta wote hawajawahi kunishinda, wewe ulinishinda kupitia kuku.

Kiisha tukaunganisha. Wewe rangi moja, mimi rangi moja. Bulangeti inapita chini ya pazia, inarudi. Ukinitumia nyekundu, nakurudishia manjano. Ukinitumia bluu ya mbuzi, najua una hasira. Vitanzi vyako vinalala upande mumoja, vyangu upande mwingine, ukipapasa unajua nani alikuwa anaongea. Siku moja ulisema sauti chini, "Kuku, mambo ya huku isitoke inje." Nilielewa. Mukwe na mama mukwe ku bulangeti moja. Batu bangesema tulilala chini yake. Nikasema, "Kuku, mwambie nimesikia."

Halafu ukakataa bugali. Halafu ukakataa uji. Halafu maji. Ile siku jua ilikuja ku dirisha saa yake ya kawaida, ikapita, pazia ikakuwa pazia tu. Hakuna kitu juu yake. Mimi nilikuwa nimekaa na rangi ya kijani ku mikono, nikangoja umwambie kuku kitu.

Nimalize kwanza hii habari. Uchungu nitausikia kiisha.

Tukakupeleka Beni kwa Paluku, mutoto wako mwanaume wa kwanza, mwenye sauti ya megafoni. Unajua vile inafanyika: kila mukwe analeta bulangeti ya kumufunika mama mukwe ndani ya kaburi. Bale bakwe bengine bakaleta za duka, nzito, za manyoya, picha ya simba. Mimi nikaleta yetu. Paluku akaishika na vidole viwili. "Mukwe, hii ni bulangeti ao wavu ya samaki? Na nani ameifuma?" Bote bakaniangalia. Ndiyo pale nikasema ni mimi, peke yangu. Ningesema nini ingine? Akaitupa ku kiti ya plastiki. "Mama yetu hatafunikwa na matundu ya mwanaume."

Bakakuzika chini ya simba. Wewe mwenye ulikuwa unakimbia imbwa ya jirani.

Na kuku bakamukula kwa kilio. Mukalimani wetu. Nilimulilia kweli. Nilikula paja, nitakudanganya juu ya nini, alikuwa mutamu.

Kiisha Paluku akakata maneno: mimi sikuleta kitu. Mupaka nilete bulangeti ya kweli, sitahesabiwa mukwe mwenye alizika, na siku ya kuondoa kilio Masika hatakaa ku mukeka wa batoto banawake. Masika! Mutoto wako mwanamuke wa kwanza, mwenye alikuosha mwili. Alilia toka Beni mupaka Butembo, kiisha machozi ikageuka moto. "Nenda duka. Leta hata ya simba. Unataka nisimame mbele ya badogo yangu kama mugeni?"

Nikasema hapana.

Akaacha kutia chumvi mu chakula yangu. Hapana. Akaongea na ukuta badala yangu, na mimi ule mutindo ninaujua, nikajibu ukuta. Hapana, hapana. Juu nikinunua ile ya duka, ni kusema mikono yako ilifuma kitambaa cha kupangusia meza. Na nikisema kweli, jina lako linaenda mu vinywa vya batu. Nikabana kinywa. Mimi, Mama! Fikiri ile mateso.

Siku ikafika. Tukateremuka Beni, mimi bulangeti nimeivaa ku mabega, mu ile joto yao, ili barabara yote ione. Jasho inanitoka mupaka ndani ya viatu. Batoto yako banawake bameshakaa ku mukeka, bameacha nafasi ndogo katikati yenye hakuna mutu alitaka kuiangalia. Masika amesimama na kikapo yake. Paluku ameshika Biblia.

"Bado ile wavu?" akasema.

"Bado wavu, shemeji. Na wewe bado samaki."

Bamoja bakacheka, kiisha bakakumbuka ni kilio. Lakini Masika alikuwa bado amesimama, na nilimuona namna anabana kikapo ku tumbo, na nikashindwa. Nitakuambia wazi: nilifungua kinywa niseme yote. Pazia, kuku, mikono yako. Nilikuwa nakuuza, Mama, juu ya muke wangu. Ningekuuza tena.

Ndiyo Masika akaja, akavuta bulangeti ku mabega yangu. Nilifikiri anaitupa. Mukono wake ukapita juu, ukasimama. Yeye amekulia ndani ya mapulovere yenye ulimufumia, anajua namna vitanzi vyako vinalala. Akapapasa rangi yako. Akapapasa yangu. Tena yako. Tena yangu. Mupaka ku ncha. Kiisha akainua macho akaniangalia, na mimi nikaangalia chini kama ni wewe.

"Nasikia baridi," akasema.

Beni, saa sita ya muchana. Imbwa zimelala chini ya gari ulimi inje.

Akakaa chini, ku udongo, mbali na mukeka. Akatandika bulangeti ku magoti. "Mwenye anataka kukaa na dada yake mukubwa akuje huku. Kuko baridi."

Halafu mudogo wake mwenye anamufuata akaangalia Paluku, akasimama, akashika mukeka ku pembe akaanza kuuvuta, na bengine bameukalia bado, bakapiga makelele, bakashuka, bakasaidia kuvuta. Bakauleta mupaka kwa Masika. Bakapanga magoti chini ya milima yetu, na jasho inabatiririka, na hata mumoja hakusema joto. Paluku akabaki na Biblia na uwanja mutupu. Akangoja. Kiisha akageuza kiti yake kuelekea mukeka.

Mu barabara ya kurudi Masika aliniuliza neno moja tu. "Juu ya nini kushoto?"

Nikasema, "Mwalimu alikuwa ku upande ingine."

Akacheka mupaka akalia, na dereva akafikiri tunagombana. Hajauliza ingine. Na chumvi imerudi.

Basi, Mama. Wasingya, aksanti, kwa kazi ya kunifundisha, ulifundisha mujinga akashika. Simba haitaingia mu nyumba yangu hata ikiletwa na gavana. Paluku hatapata bulangeti ingine kwangu, leo wala siku yake ya kufa. Akitaka kufunikwa akuje akae ku kiti nimuonyeshe munyororo, na ku bonde nitamwambia aruke, na akikataa nitamwambia afumue. Na siri yetu nitaichunga mupaka nikufuate. Masika anaichunga pia, sasa tuko wawili. Lala vizuri.

Mais siwezi kukuchungia zote, nimezeeka. Kuko ile tumbaku ya pua yenye ulikuwa unaficha mu foronya ya muto. Pasta alipokuja kukuombea akainusa, ni mimi nilisema ni yangu. Toka pale ameniondoa ku kubeba kikapo ya sadaka, na kila siku ya Mungu ananiombea mbele ya kanisa yote, na jina langu, Kakule, na macho amefunga. Kwa hii moja nakudai. Wewe sasa uko karibu na Mungu Mwenyewe. Umuambie, kwa sauti yako mwenyewe, kwamba ile tumbaku haikuwa ya Kakule.