Sindano za Mbavuni

Mbonea, mwenzangu wa jando,

Cheka tu huko uliko, maana safari hii nimepasuliwa mimi. Hospitali ile ile uliyofia mwaka juzi, na harufu ile ile ya mikojo ya wazee. Walinishusha kutoka Suji kwa machela, miguu mbele kama maiti. Nikawatukana mpaka wakanigeuza.

Nikueleze mambo ya sindano. Wewe walikuchoma moja ya mgongoni, ukafa ganzi toka kifuani kushuka, wakakupasua tumbo macho yako wazi. Ganzi ilipokwisha, ukaachiwa maumivu yako. Mimi nimechomwa hiyo hiyo, kisha daktari mpya, Mwingereza kijana, akanichoma nyingine kati ya mbavu, moja moja, huku na huku. Anarudia asubuhi na jioni. Zinang'ata kama siafu, lakini kidonda kinanyamaza, nakohoa. Yanatoka makohozi ya kijani, yanavutika kama mlenda. Nayatema koponi, nageuza uso.

Dresa, yule mfunga vidonda wa wodi, akaniambia, "Tema, mzee. Ukiyazuia kwa kuogopa kidonda, yanaoza mapafuni, unakufa."

Mbonea, hapo nikakukumbuka wewe.

Maana siku ya tatu ya kupasuliwa kwako nilikuja kukutazama. Umejikunja, hukohoi, kifua kinatokota kama chungu cha makande. Ukaninong'oneza, "Ndugu yangu, inauma." Nami nikakucheka wodi nzima ikisikia: "Jandoni hukupepesa hata ukope, leo unalilia kazi ya Mzungu?" Ukafunga mdomo. Dresa alipopita kukuuliza, ukamjibu, "Sijambo." Baada ya siku mbili tukakuzika.

Na mimi, mdomo huu, nikasimama msibani nikasema umekufa kiume! Mkeo akanishukuru. Akanipakulia na nyama. Nikala, Mbonea. Nikikumbuka nyama ile, kopo la makohozi naliona safi kuliko mimi.

Leo, kabla ya sindano, daktari ameniuliza kama naumwa. Vijana wa Usangi wa vitanda vya jirani wamekodoa macho wamwone mzee wa Kipare. Nikapiga yowe hilo, nesi akaangusha beseni. Wacheke.

Lala salama, ndugu yangu. Mshono ukishika napanda Suji, na sipiti kwangu kwanza. Naenda kwa mkeo kumwambia nilichokwambia siku ile, neno kwa neno, bila kukitia mzaha. Akinifukuza, nitakaa nje ya ua wake mpaka amalize kunitukana.

Mwenzako, mwenye ulimi.