Njia ya Lamboni

Jumamosi, 6 Julai 2024

Nimechaguliwa mwenyekiti wa Kamati ya Mpango wa Mji. Sikuomba. Bartolomeo, mwenye duka la mbolea, alisimama akasema apewe Mwalimu, maana hapa hata wenye mvi bado wanamwogopa kama walivyomwogopa darasa la nne. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Afisa mipango kutoka Mpanda, kijana Heri, anasema safari hii ramani haitachorwa ofisini. Tutaichora wenyewe, uwanjani, chini: majivu yawe barabara, magunzi nyumba, vizibo vya soda maduka. Tukikubaliana, yeye atanakili. Mji ukue, anasema, lakini wajukuu wenu wakute maji. Kasema vizuri. Soko la sasa ni aibu — nyanya vumbini, malori yanapita mgongoni mwa akina mama, na masika choo kinafurika hadi kwenye dagaa.

Nimetunga kanuni za mkutano. Kila kundi liwe na mwakilishi mmoja, na akishaandikwa habadilishwi. Pingamizi litolewe na mwakilishi mwenyewe, kwa mdomo, mbele ya wote. Minong'ono ya vilabuni haitapokewa.

Jumatano, 10 Julai

Mabula alikuja asubuhi. Ni baba yake Mwandu, na Mwandu ndiye aliyemwoa binti yangu Monika. Alivua kofia kabla ya kukaa. Wafugaji wamemchagua Mwandu awasemee.

"Ni mtoto wako, mayu," akasema, ndivyo kwao wanavyomwita mama. " Na mkubwa wa mkutano ni wewe. Tungemtuma nani mwingine?"

Nikasema wamechagua vema. Kijana ana kidato cha nne, na Kiswahili chake ni safi — Monika ndiye asemaye, mimi sijakisikia. Mwandu hajawahi kukaa mbele yangu. Akiniona njiani anaingia vichakani mpaka nipite. Salamu zake huletwa na mke wake. Siku hizi wapo wanaokula sahani moja na mama wakwe zao! Kwangu hapana. Walipooana Mabula alitaka kuleta mbuzi wa kumfungua kijana mdomo mbele yangu. Nikamwambia bado mapema. Watoto watatu sasa, na hajavunja heshima hata mara moja.

Jumamosi, 13 Julai

Mkutano mzuri. Watu walijaa. Majivu yalimwagwa, magunzi yakapangwa, hata Vestina wa vitumbua alipiga magoti akaonyesha mahali pa jiko lake. Soko jipya na stendi vitakaa upande wa chini, kati ya barabara na lambo la maji. Kuna nafasi, mtelemko unafaa mtaro, miti itapandwa pembeni.

Niliuliza kama kuna pingamizi. Nikarudia. Nikauliza wafugaji kwa jina la kundi lao.

Mwandu alikuwa nyuma kabisa, mgongo kwetu, kofia imeshushwa hadi puani. Alikuwa anakwangua ardhi kwa fimbo. Hakugeuka.

"Mwakilishi yupo, hana neno," akasema Bartolomeo. "Andika, Heri."

Heri akaandika. Nilimwona kijana anaondoka kwa kuzunguka mbali, asikatize mbele yangu. Nilijisikia fahari.

Jumapili, 14 Julai

Monika alinifuata kutoka kanisani mpaka nyumbani. Hakusalimu.

"Mama, mmeweka soko kwenye njia ya ng'ombe."

Nikamwambia ng'ombe hupita popote.

"Popote wapi? Kushoto mpunga wa watu, kulia mihogo ya watu. Ng'ombe akikanyaga tunalipishwa. Njia ya lamboni ni hiyo hiyo tu. Mkiifunga kiangazi hiki hawafiki masika."

"Basi kwa nini mumeo hakusema?" nikauliza.

Aliniangalia kama vile nimeuliza kitu cha kitoto. "Mbele yako?"

Akasema baba mkwe wake ameshatuma mtu Sibwesa kuuliza malisho. Wakihama, wanahama wote. Yeye na watoto pia.

Sikula mchana.

Jumanne, 16 Julai

Nilimpigia Heri. Ana adabu, lakini hana msaada: upo mkutano wa kuthibitisha, tarehe 27, pingamizi linaruhusiwa. Nikasema basi nitalitoa mimi. Akajibu: "Samahani, Mwalimu. Kanuni yenu inasema mwakilishi mwenyewe." Kanuni yetu. Yangu!

Bartolomeo nilimkuta anapima mbolea, nikamwomba tuirudie ramani. "Kumbe Mwalimu akikosea mtihani unarudiwa? Sisi mbona ulikuwa unatuchapa?" Wateja wakaangua kicheko. Si mtu mbaya. Anataka soko, kama mimi. Ila alishanunua kiwanja jirani na hapo soko lilipopangwa.

Ijumaa, 19 Julai

Romana, jirani yangu, akiwa anachambua mchicha, kasema dawa ninayo mkononi. "Pokea huyo mbuzi, dada! Kijana afunguliwe mdomo kabla ya tarehe 27. Unalinda nini?"

Nimetuma neno kwa Mabula. Wamefurahi, mbuzi yupo. Lakini mbuzi huyo hapokewi na mwanamke. Kamba hushikwa na mjomba wa binti, naye ni kaka yangu Yohani, yuko Karema, mguu umevimba. Nimempigia. Atakuja akipata nafuu. Nikauliza: basi apokee mtu mwingine? Akafoka: mimi nimekufa?

Ana haki. Ndivyo tulivyofundishwa.

Alhamisi, 25 Julai

Yohani bado. Nikikalia kiti, Mwandu hasemi. Nikikiacha, kinakwenda kwa makamu wangu. Makamu wangu ni Bartolomeo.

Jumamosi, 27 Julai

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tulikutana ndani ya godauni la zamani la tumbaku. Tulipofikia pingamizi nilisimama, nikasema naumwa kichwa, makamu aendelee. Nikatoka. Nikasimama nyuma ya ukuta, juani, chini ya dirisha. Mwandu alisubiri mpaka nikatoka kabisa. Ndipo akaanza.

Sikuwahi kuisikia sauti yake. Nzito, tulivu, haina papara. Alieleza njia ilivyo tangu kwenye mazizi hadi majini. Alisema hawakatai soko. Wao pia wanauza na kununua. Soko lisogezwe kidogo kuelekea barabarani, ng'ombe wapite nyuma yake, na mbolea ya zizini wataleta bure kwa ile miti. Kila sentensi ilikuwa imesimama sawasawa. Nilisikia watu wakiguna kwa kukubali. Heri aliuliza umbali, akajibiwa.

Bartolomeo akasema, "Lo! Kumbe sauti unayo! Siku ile ulikuwa umemeza nini?"

"Mama alikuwepo."

Kicheko. Wenye mashamba walicheka, vijana wa bodaboda wakapiga miluzi. Mtu akasema mkwe wa kizamani huyo, mpeni kanga ajifunike. Bado angeweza kuendelea — nilimsikia akivuta pumzi aendelee.

"Sasa unamficha nani?" Bartolomeo tena, kwa furaha tu, kama anavyotania dukani. "Mama si huyo hapo dirishani, anakusikia neno kwa neno!"

Wote wakageuka. Nami nilikuwa nimejisogeza nisikie vizuri zaidi, kitambaa changu cha kichwa kikionekana. Macho yetu yalikutana. Mara ya kwanza.

Aliinamisha kichwa. Sentensi ilibaki katikati. Heri alimwita kwa upole, mara nyingi. Hakusema tena. Ningeweza kuingia na kupiga kelele. Ningesema nini, na kwa kanuni ipi?

Bartolomeo akasema pingamizi lisilomalizwa halihesabiwi, na mpango ukathibitishwa. Walipiga makofi.

Jumatatu, 29 Julai

Bikoni za mipaka ya soko zimesimikwa. Saruji bado mbichi, kuna alama ya kwato juu ya moja.

Alhamisi, 1 Agosti

Ng'ombe walipelekwa jana na vijana. Leo ni vyombo. Trekta na tela limesimama barabarani, juu kuna magodoro, kuku, mafiga. Monika amekuja kuaga na watoto. Hakulia. Mdogo wao, Happiness, kaniuliza, "Bibi, kwani wewe huhami?" Nimewapa karanga. Wamepanda.

Mwandu hajapanda. Yuko nyuma ya ua wangu wa matete, upande wa jikoni, amesimama tangu walipopakia maji ya safari. Siioni sura, naona kofia. Amekohoa. Ndivyo mkwe anavyobisha hodi.

Ana mbuzi. Amepenyeza kamba chini ya ua, ncha imefika kwenye kigoda changu, hiki nilichokalia nikiandika.

Yohani hayupo wa kuishika. Nimempigia, simu haipatikani.

Honi. Monika anaita jina la mumewe, si langu.

Nimeweka kalamu chini. Nimeichukua tena. Mbuzi analia, na kamba inavutwa polepole kurudi nje — si yeye anayevuta, ni mbuzi — ndani ya ua imebaki ncha ya urefu wa kidole