Mgeni Kutoka Maskati

Maskati, 2 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, joto tu ndilo linatukaanga. Ng'ombe wazima? Mgongo je?

Desemba ninakuja na Hanan, muuguzi mwenzangu, yule Mwarabu aliyenilisha uji kwa kijiko nilipolazwa. Bibi yake alikulia Unguja, kwa hiyo Kiswahili anacho. Anataka sana kukuona.

Mwanao, Nyangi

Nyamuswa, 9 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, mgongo unalalamika kama kawaida yake.

Rafiki yako namshukuru, lakini njoo peke yako. Hapa nyumbani anakaa Kevini, Mmarekani anayelichimbia kanisa kisima. Tangu nipate akili redio inasema Mwarabu na Mzungu hawapikiki chungu kimoja. Wakianza vita sebuleni kwangu, nitamshika nani?

Baba yako, Hezron

Maskati, 15 Novemba

Shikamoo Baba,

Natumaini hamjambo. Mimi mzima, ila umeniumiza. Ukoo wa kina Wegesa hatusalimiani nao kwa ajili ya fahali aliyeibwa kabla hujazaliwa. Alikuwa wa rangi gani? Umewahi kuuliza? Leo na ugomvi wa watu wa mbali tunaurithi?

Halafu likizo yangu imefutwa, wagonjwa ni wengi. Tiketi ya Hanan haibadilishiki. Atashuka stendi ya Bunda tarehe 20 Desemba, peke yake. Usipompokea, nitamtazama kwa uso gani?

Mwanao, Nyangi

Nyamuswa, 28 Desemba

Mwanangu Nyangi,

Hujambo? Sisi hatujambo, tumeshiba mpaka aibu.

Barua yako sikuijibu kwa hofu. Mwisho nikamuuliza Kevini ugomvi wao na Waarabu ni wa nini hasa. Akakuna ndevu: "Mzee, mimi nimeukuta tu nyumbani." Nikasema kumbe, kama sisi na fahali wetu. Nikaenda stendi.

Mbuzi nilimwita Mzee Shabani amchinje, ili wote wale. Hata hivyo mezani nilijiweka katikati yao, tayari kuamulia. Wamegombana kweli, juu ya kahawa! Hanan anasema ya Kevini ni maji ya kuoshea sufuria. Wanacheka nyuma ya mgongo wangu, mpaka Hanan akaniambia, "Mzee, unatuziba." Nikahama na sahani yangu.

Jana nimemsindikiza. Basi lilipowashwa akatoa kichwa dirishani: "Baba, baki salama!" Stendi nzima ikageuka kunitazama. Nikaitika kwa sauti, "Haya mwanangu, nenda salama."

Baba yenu, Hezron