Kwa Mama Aliyekataa Kuandika "Sana"

Mwaka umetimia, Mama, tangu utundike koti lako jeupe nyuma ya mlango wa jikoni na usirudi kulichukua. Bado liko pale. Baba haruhusu liguswe; anasema halimzuii mtu kupita.

Majirani walikuita Mama Panya, nawe hukuchukia. Kazi yako ilikuwa kujaribu dawa zilizokamuliwa kwenye majani ya miti, ujue kama zinapunguza msongo wa mawazo. Kila panya mweupe aliwekwa peke yake kwenye kizimba chake, kwa kuwa hakuna kinachomsononesha panya kama upweke. Nusu yao walipewa dawa, nusu maji matupu. Kisha kila mmoja aliwekwa juu ya ubao ulioinuliwa, wenye kuta upande mmoja na wazi upande mwingine: mwenye hofu hujibanza penye kuta, aliyetulia hutoka penye uwazi.

Baba alikuwa akikutania mezani. "Wenzangu wanafuga paka wawamalize panya. Mke wangu anawauliza kama wamelala salama."

"Na wananijibu vizuri kuliko wewe," ulimwambia.

Kumbe kweli ulikuwa ukiwauliza. Kila asubuhi uliwabeba kiganjani mmoja mmoja, ukiwasalimu. Matokeo yalipotoka, waliopewa maji walikuwa wametulia sawasawa na waliopewa dawa. Wenzako walinyong'onyea.

"Dawa imetuangusha, Daktari."

"Haijatuangusha," uliwajibu. "Mimi ndiye niliyeingia kwenye jaribio."

Ukarudia kazi yote, safari hii wasaidizi wakipokezana, bila salamu. Waliopewa maji wakajibanza pembeni. Waliopewa dawa wakatoka, lakini si wengi. Uliandika kwamba dawa inasaidia kidogo. Wakakubembeleza uandike "sana", ukakataa katakata.

Ulipoondoka, Baba alibaki peke yake. Mpima ardhi mstaafu si mtu wa kulia mbele ya watu. Tulimsihi ahamie kwetu, au mmoja wetu arudi nyumbani. Akatia pamba masikioni. "Mimi si mtoto," alisema. Kila tulipompigia jioni, jibu lilikuwa moja: "Sijambo." Kwamba taa yake haizimwi hadi asubuhi, tuliambiwa na jirani.

Ndipo mtunza wanyama wa maabara yenu akaanza kumletea majani yako kila Jumamosi, makavu, ndani ya bahasha. Alikaa, wakayachemsha, wakanywa, wakabishana habari za mpira mpaka sauti zikasikika barabarani. Baba akaanza kulala.

Tulimkumbusha, "Baba, Mama mwenyewe aliandika ni kidogo."

"Kidogo si sifuri," alijibu.

Mwezi uliopita mtunza wanyama alihamishiwa mji mwingine. Majani hayakukatika, aliyatuma kwa basi. Baba aliyachemsha kwa kipimo kile kile, katika sufuria ile ile. Usingizi ukampotea. Akarudia, tena na tena, kama alivyokuwa akirudia kupima mpaka wa shamba wenye ubishi. Jumapili iliyopita akampigia simu kifungua mimba wako.

"Majani ni yale yale," alisema. "Kilichopungua ni mtu."

Simuni yalisikika maji yakichemka jikoni kwake.

"Njooni."

Tumekuja, Mama. Haya tunayaandika kwenye meza yako, na Baba amelala chumba cha pili tangu jioni. Nyumba ina watu sasa. Kiti chako ni kitupu vilevile, na kwa hilo hatulijui jani linalosaidia, hata kidogo.

Unakumbukwa na mumeo. Na sisi wanao watatu. Na dada yako, anayesomea miwani yako ingawa haimfai. Na wakwe zako, wajukuu zako, wenzako wa maabara, na mtunza wanyama, aliyetuma salamu pamoja na bahasha.

Utakuwa mioyoni mwetu siku zote tutakazoishi.